Ladha ya Ukuta

Salme alikwangua ukuta kwa ukucha, akatia ule unga mdomoni, kama wafanyavyo wanawake wajawazito wakishikwa na hamu. Ulikuwa na chumvi.

Akakwangua mahali pengine, karibu na kitanda. Chumvi ile ile.

Kiangazi kilikuwa kikali pale Tongoni, hata visima vilikauka, lakini ukuta wa chumba chao ulikuwa ukitoka jasho. Mwaka uliopita mtoto wao wa kwanza alilala kando ya ukuta huo, akakohoa miezi mitatu, wakamzika. Watu walisema ni kijicho.

Mumewe, fundi mwashi, alikuwa mlangoni akikoroga chokaa, apake upya kabla mtoto wa pili hajazaliwa.

"Mke wangu, unakula nyumba?" alimtania. "Nibakishie walau pa kulala."

"Bwana, mchanga uliojengea nyumba hii ulinyeshewa masika ngapi?"

Mwiko ukasimama. Kila fundi wa pwani alijua kwamba mchanga wa bahari huachwa nje masika nzima, mvua iutoe chumvi. Usipoachwa, ukuta haukauki maisha.

"Baba yako alisema hakuna harusi bila nyumba," alijibu taratibu. "Nami sikuweza kungoja."

Salme akamsogelea, akamnyooshea kidole chenye unga mweupe.

"Onja."

Akaonja. Akafumba mdomo, asiteme wala asimeze, huku Salme akikunja mkeka wake wa kulalia, autoe nje ya nyumba ile.