Goti la Mkongwe

"Goti likoje?" baba aliuliza kwa mara ya tatu.

"Amelifunga bendeji nyeusi," binti yake alijibu. "Anakimbia vizuri."

"Sijauliza bendeji. Linakunjika?"

"Linakunjika, baba."

Mzee alikuwa fundi cherehani. Sasa cherehani ilikaa pembeni imefunikwa shuka, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Televisheni ilikuwa mbele yake kabisa na alichokiona ni ukungu.

Daktari alikuwa amesema wazi: wakichelewa tena, hata upasuaji hautasaidia. Nafasi ilikuwa kesho asubuhi. Mara mbili mzee alishafikishwa mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na mara mbili aligeuka. Mara ya pili alirudi nyumbani na gauni la hospitali mwilini, mgongo wazi, mtaa mzima unamtazama.

Asubuhi hii, kabla hata hajamaliza chai, alitoa sharti lake.

"Mkongwe akishinda fainali, kesho nakwenda. Akishindwa, usinitajie tena kisu."

Binti alikubali. Angefanya nini?

Mkongwe lilikuwa jina walilompa wao wenyewe hapo nyumbani, maana mchezaji huyo wa tenisi alikuwa na umri wa kuitwa mjomba na wenzake. Mwaka jana hakugusa raketi. Wakati wa mashindano haya haya alikuwa amelala hospitali, goti limepasuliwa, na watangazaji walishamzika akiwa hai.

"Kwenye nyasi mpira hauinuki," mzee alikuwa akisema kila siku ya mechi. "Lazima uuchuchumalie. Goti lililopita kwenye kisu likiweza kazi hiyo, nitaamini kisu."

Sasa ilikuwa seti ya tano, ya mwisho, dhidi ya kijana waliyembatiza Dogo. Watangazaji walikuwa hawapumui.

"Hawa wanaropoka mpaka mpira ukiwa hewani," mzee alisema, akabonyeza rimoti. Sauti ikakatika. Rimoti alikaa nayo yeye. Aone asione, nyumba ilikuwa yake. "Nitangazie wewe, mama. Msusi kama wewe mdomo haumpi shida."

Binti akasogeza kigoda karibu na kioo cha televisheni.

"Dogo anaongoza geimu nne kwa mbili. Anaanzisha. Mkongwe anarudisha. Nje."

"Nje kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Haikuwa kidogo. Wala binti hakusema kwamba Mkongwe alikuwa ameanza kuchechemea, na kwamba kati ya pointi alikuwa anajishika goti kama mtu anayezuia damu. Binti alijifuta viganja kwenye gauni lake.

Ghafla nyumba ya jirani walipiga ukelele wa pamoja, ule wa watu waliovunjika moyo. Nyumba ya pili nao wakaitikia.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

Binti alitazama kioo, kisha akamtazama baba yake.

"We mtoto. Kuna nini?"

"Mkongwe kateleza, baba. Nyasi zimeng'oka kule nyuma."

"Goti?"

"Ameinuka. Anajikung'uta. Anacheka."

Mzee aliachia pumzi. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa kiti.

Kuanzia hapo Mkongwe akabadilika. Akachukua geimu moja, akachukua ya pili. Binti alitangaza akiwa amesimama, sauti inamkauka, mara nyingine akirudia neno moja kana kwamba analitafuta linalofuata. Nne kwa nne. Mzee alikuwa analowa jasho.

"Joto limezidi humu."

"Nafungua dirisha," binti alisema, na alifungua akiwa bado anatangaza. "Tano kwa nne, baba. Mkongwe anaongoza."

"Anachuchumaa?"

"Mpaka goti linagusa nyasi."

"Usinidanganye."

"Linagusa, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Na Dogo? Ana hali gani?"

"Amechoka. Anautazama wavu kama umemkosea."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha pua.

"Arobaini kwa thelathini," binti alisema. "Pointi moja tu."

"Nyamaza. Mwache aanzishe."

Chumba kilitulia hata nzi akasikika akizunguka juu ya kikombe cha chai. Binti alifumba macho.

"Kapiga," alisema. "Dogo karudisha mfupi. Mkongwe anaukimbilia, anachuchumaa, anauokota. Umevuka. Dogo hakuufikia."

"Ameshinda?"

"Ameshinda, baba."

Mzee akajipangusa uso wote kwa kiganja, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Basi," alisema. "Kesho tunakwenda. Na safari hii nikigeuka, nifungieni mlango."

Binti alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa anarudisha kigoda mahali pake wakati shangwe zilipolipuka nyumba ya jirani, zikadakwa na nyumba ya pili, zikazagaa mtaa mzima.

Juu ya vichwa vyao feni ikaanza kuzunguka tena. Friji ikanguruma jikoni. Televisheni ikawaka, sauti juu kabisa:

"... sita kwa mbili katika seti hii ya mwisho, na bingwa mpya ni kijana wa miaka kumi na tisa, huku mkongwe akitoka uwanjani akichechemea, goti lake ..."

Binti alisimama katikati ya chumba, kigoda mkononi.

Mzee alipapasa rimoti kwa kidole gumba, akakipata kitufe, akabonyeza.

"Marudio ya mwaka jana hayo," alisema. "Nitafutie shati la kesho, mama."