Makaroni ya Bibi Harusi

Spana alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa na mabega yamezama ndani ya oveni, miguu imetoka nje na soksi mpya za harusi. Koti lake la suti lilining'inia kwenye mlango wa friji.

"Shati hilo likipata hata tone moja la mafuta," dada yake alisema, "nakushonea jingine la gunia. Na ndilo utakalovaa ukimshika mkono bibi harusi."

"Dada, nimekuomba kiberiti, sikuomba vitisho."

Dada alikuwa fundi cherehani. Mdogo wake huyu alikuwa fundi bomba, na jina la Spana lilimkaa tangu ujana. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Saa sita kamili gari la bwana harusi lingefika mlangoni, na oveni ilikuwa imenuna.

Puuu! Moto ukashika. Spana akachomoka huku nyusi moja ikifuka moshi. Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Dada akashikilia sinki asianguke.

Chumbani nako vicheko havikwisha. Bibi harusi alikuwa akivalishwa na mashoga zake wawili, na kila simu yake ilipolia walipiga vigelegele mpaka vikombe vikatetema kabatini. Katika harusi nzima alikuwa ametoa sharti moja tu: mezani yawepo makaroni ya kuoka, yale yale ya Jumapili za nyumba hii. Tangu baba afariki, miaka kumi na miwili, hakuna aliyeyapika. "Yasipokuwepo, siolewi," alisema, na ingawa alisema akicheka, Dada alimjua. Angeweza kweli kuvua gauni.

Nyama ya kusaga ilikuwa tayari, makaroni yamechemshwa. Kilichobaki ni rojo nyeupe ya maziwa, na hapo ndipo walipokwama.

"Mama alikuwa anaanza na nini?" Spana aliuliza, unga umemjaa kwenye viganja.

"Siagi, unga, halafu maziwa kidogo kidogo. Hakuwahi kupima. Ukimuuliza kiasi gani, jibu lake, 'Mpaka ikubali.'"

Spana aliinua mwiko. Mabonge makubwa kama kokoto yakadondoka, mojamoja, chubwi, chubwi. "Hii imekataa."

"Koroga!"

"Nakoroga! Tukamuulize bibi harusi?"

"Thubutu! Akitia mguu humu jikoni hatoki tena, na gauni nililomshonea litanuka vitunguu."

Dada alizunguka mara mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia, akakimbilia kapu lake la kushonea, akarudi na kipande cha kitambaa cha shela kilichobaki. Akakitandaza juu ya bakuli. Rojo ikachujika laini kama hariri, mabonge yakabaki juu ya shela yakiwatazama.

"Ulisomea wapi wewe?" Spana alisema kwa heshima.

"Mimina, acha maneno."

Walipanga makaroni na nyama, tabaka juu ya tabaka, na kumbukumbu zikaanza kujileta zenyewe. Spana alikumbuka siku mwalimu mkuu alipokuja kula. Mama alitia chumvi, akatoka. Baba akapita, akatia yake. Mwalimu, kwa adabu zake, alimaliza sahani mbili na majagi matatu ya maji, akaaga akitembea kama pipa lililojaa.

"Na wewe uliyekula ukoko wa juu wote," Dada alisema, "ukaziba shimo kwa mkate!"

"Nilikuwa na miaka sita!"

"Ulikuwa na miaka kumi na minne."

Wakacheka tena. Kisha Dada akafika kwenye kona ya sinia, mkono wenye jibini ukasita hewani. Kona ile iliyozoea kuungua kidogo ilikuwa ya baba. Kila Jumapili alinyoosha uma kabla ya wakati, kila Jumapili mama alimpiga kofi la mkono, kisha akamkatia ile ile kona aliyoitaka.

"Unadhani angeona vibaya?" aliuliza taratibu. "Baba. Leo hii."

Spana alimtazama. "Baba? Angekuwa ameshakaa mezani, uma mkononi."

Dada akapangusa macho kwa kiwiko, akaisukuma sinia ndani.

Baada ya nusu saa harufu ikatoka jikoni, ikapita ukumbini, ikaingia chumbani bila kubisha hodi. Vicheko vyote vikakatika. Dada akamshika Spana mkono. Tumekosea, aliwaza. Tumemliza siku ya harusi yake.

"Ndiyo hayo!" sauti ya bibi harusi ililipuka kutoka chumbani. "Jamani, ndiyo hayo hayo! Toeni kabla hayajaungua!"

Dada na Spana wakarukaruka, wakagongana, nusura waisahau sinia yenyewe. Sinia ikatoka inachemka, juu rangi ya dhahabu. Wakati huo huo honi zikalia barabarani.

Spana alijikung'uta unga, akavaa koti, akasimama wima mbele ya mlango wa chumbani. Mlango ukafunguka. Bibi harusi alitoka taratibu, akilihurumia goti lake baya, maua meupe yamechomekwa kwenye mvi.

"Umependeza, mama," Spana alisema, akimpa mkono. "Twende. Bwana harusi keshafika, na wajukuu zake wote wamemsindikiza."