Kugusa ni Kugusa

Gari lilirudi nyuma taratibu, bampa likaigusa fimbo ya alama. Fimbo ikatikisika.

Asubuhi ile ile mtahini wa udereva alikuwa amemfelisha fundi bomba kwa kosa hilo hilo. Fundi alilalama mpaka mate yakamkauka: "Mzee, imetikisika tu, haikuanguka!"

"Kugusa ni kugusa," mtahini alimkatiza. "Hata angekuwa mama yangu mzazi."

Sasa kwenye usukani alikuwa binti wa mtahini mwenyewe, maana mwenzake aliyepaswa kumpima hakuja kazini. Na fundi alikuwa bado kwenye benchi, amegoma kuondoka, amekodoa macho.

Mtahini, amesimama kando ya fimbo, fomu kwapani, alichomoa kalamu. Akasita. Shingo ilimwasha. Imeguswa, sawa, lakini kuna kugusa na kugusa. Huyu ana wasiwasi tu. Yule alikuwa mzembe. Au sivyo?

Binti akachungulia dirishani. "Baba, nimegonga?"

Alipofungua mdomo ajibu, akaona fundi haliangalii gari. Anautazama mkono wa kushoto wa mtahini.

Naye akautazama. Mkono ulikuwa umeikamata fimbo, umeikaza isitikisike.