Ukurasa wa Muuza Senene

Jovitus alimfuta tena Muuza Senene, akailaza simu kifudifudi kwenye benchi, akangoja moyo utulie.

Muuza Senene hakuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa msichana tu wa mchezo wa redio ulioitwa Kilima cha Wageni, tena wa kipindi kimoja. Anapita stendi na beseni lake la senene, wale panzi wa kukaanga, anamtania kondakta, anacheka, basi. Lakini mashabiki wa mchezo huo walikuwa na tovuti yao, ambamo kila mtu aweza kuandika na kila mtu aweza kufuta, na humo walimpa ukurasa wake. Chini ya ukurasa waliweka sauti yake. Ukibonyeza, anacheka.

Kicheko hicho kilikuwa cha Joyness, binti pekee wa Jovitus. Alifariki mwaka juzi katika uzazi, yeye na kichanga chake, wakazikwa hapo nyumbani Kituntu, kati ya mibuni na migomba.

Matanga yalipokwisha, redio ikarudia kipindi kile. Anatolia, mke wa Jovitus, alikuwa anamenya ndizi. Alipokisikia kicheko alianguka juu ya maganda, kisu kikiwa bado mkononi. Hospitali walimlaza wiki nzima.

"Moyo wake hautaki mshtuko mwingine kama huo," daktari alimwambia Jovitus.

Jovitus aliigawa redio yao. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jina la Joyness mle ndani. Anatolia, ambaye miaka yote alimwita mumewe Baba Joyness, sasa alimwita mzee.

Kituo cha redio nacho hakikuwa tena na vipindi vya zamani. Mashine ya kuhifadhia iliungua baadaye. Sauti ilibaki kwenye ukurasa ule tu, duniani kote. Jovitus alilijua hilo, na bado akafuta.

Kila akifuta, ukurasa ulirudishwa. Aliyeurudisha alijiita Ikram wa Stendi, na kwenye maelezo yake aliandika kwamba ana steshenari Kayanga. Wengine wakajaa kushangilia ugomvi, kama watu wanavyozunguka majogoo.

"Mzee, kwani senene walikung'ata?" aliandika mmoja.

"Mwacheni," akajibu mwenzake. "Alimtaka dada, akakataliwa."

Wa tatu akazua kwamba mwigizaji huyo alitorokea Uganda na fundi mitambo, na uzushi ule ukakaa pale kama habari ya kweli. Jovitus alipoandika kwamba dada huyo amefariki, walimjibu neno moja: "Ushahidi?" Aliandika, "Nilimzika mimi," akaitazama sentensi ile, akaifuta kabla haijaenda.

Matusi aliyavumilia. Hofu yake ilikuwa nyingine. Siku hizi kila jirani ana simu, na mtu yeyote angeweza kubonyeza kicheko kile karibu na Anatolia.

"Hiyo simu imekuoa?" Anatolia alimwuliza siku ya gulio, akijitwisha kapu la parachichi. "Ndizi zinapoa. Kula, mzee. Mimi nitachelewa kidogo."

"Uza taratibu. Jua ni kali."

Jovitus alingoja apotelee barabarani, akavaa koti lake la kanisani, akadandia bodaboda mpaka Kayanga. Aliichagua siku hiyo kwa makusudi: Anatolia angekuwa kule chini, soko la mji huo, na wateja wake, asimwone akiondoka nyumbani.

Steshenari ya Ikram ilikuwa kando ya stendi: mashine ya kopi, picha za pasipoti ukutani, kiti cha plastiki mbele ya kompyuta. Ikram mwenyewe alikuwa binti wa rika la Joyness.

"Shikamoo, baba. Kopi?"

"Marahaba. Sikuja kwa kopi. Wewe ndiye unayemrudisha Muuza Senene?"

Ikram aliangua kicheko. "Kumbe ndiye wewe! Unatuchosha, baba. Mtoto wa watu kakukosea nini?"

Jovitus alikuwa amekuja na maneno makali. Hayakutoka. Alikaa kwenye kile kiti.

"Ni mtoto wangu," alisema.

Akamweleza yote: kaburi, maganda ya ndizi, maneno ya daktari. "Mama yake akiisikia tena, nitamzika na yeye."

Ikram alijiziba mdomo kwa mtandio. "Nisamehe, baba. Sikujua." Akavuta kompyuta kwake. "Mimi ni msimamizi pale. Naweza kuiondoa hata sauti yenyewe. Ila nikiiondoa, hairudi. Hata mimi sitaweza." Akamsogezea spika za masikioni. "Basi msikilize kwanza. Mara ya mwisho."

Mkono wa Jovitus ulinyooka wenyewe. Akaurudisha mapajani, akaufunika kwa mwingine.

"Futa."

Ikram alibonyeza. Pakawa peupe. Jovitus akashusha pumzi ndefu, machozi yakamshukia mpaka kwenye kola.

"Sasa mke wangu atapona," alisema.

"Mungu ampe afya." Ikram akakunja uso. "Lakini yule mama nitamwambia nini? Mimi ningekuachia zamani, baba. Ni yeye aliyenisihi niwe naurudisha. Mtu mzima, anasema anaupenda tu mchezo. Kila gulio anakaa hapo ulipokaa, anasikiliza, anarudia, anarudia. Akitoka hapa ana uso wa mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa wake akamkuta mzima. Halafu ananiomba nisimwambie mtu, kuna mtu nyumbani hataweza kuistahimili."

Kivuli kiliziba mwanga wa mlango. Jovitus akageuka.

Kizingitini alisimama Anatolia, akijifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, macho yake yakiwa kwenye kompyuta tu.

"Shikamoo, mama," Ikram alisema, akiinuka. "Nisamehe. Leo hayupo."