Jirani wa Itzel

"Wivu? Mimi wivu siujui hata kwa sura," Eliseo Cavazos alimwambia rafiki yake Chuy, huku shingo imemrefuka kama ya mbuni kulifuatilia basi la manjano lililokuwa likitoka getini.

Basi lile lilimbeba Itzel, mpenzi wake. Kila siku, baada ya kipindi cha pili, wanafunzi wa sekondari waliofaulu mtihani wa kuingia chuo walipelekwa chuo cha mji wa pili kusoma historia ya kiwango cha chuo, kisha wakarudishwa mbio mbio kuwahi fizikia. Eliseo naye angekuwa humo, ila siku ya mtihani alilala. Mwenyewe husema aliamua kulala.

Siku hizi Itzel alikuwa mtumwa wa kengele mbili, ya shule na ya chuo. Alikula ndani ya basi. Insha za chuo aliziandika kwenye benchi la uwanjani, timu ikicheza. Kwenye mazoezi ya bendi ya shule alifika filimbi mkononi, kamba za viatu zikiburura chini. Eliseo, mpiga tarumbeta kubwa kuliko zote, alibakishiwa dakika za kwenye korido, na hata hizo zilijaa habari za Jirani.

"Jirani ananichekesha mpaka profesa anatukata jicho."

"Jirani anaijua historia utadhani alikuwepo."

"Jirani kaniletea taco za viazi na mayai, eti nisisome na njaa."

"Huyo Jirani hana jina?" Eliseo aliuliza, akijitahidi kutabasamu.

"Anakaa kiti cha jirani, ndo maana Jirani. Unataka na alama za vidole?"

Itzel alimwachia kipande cha taco kilichobaki, chapati ndogo iliyokunjiwa viazi na mayai. Eliseo alikila kwa ajili ya upelelezi tu. Kilikuwa kitamu, tena utamu ule wa kumtuliza mtu roho, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Eli, nakwambia mapema," Itzel alisema, maana alishamsoma usoni. "Yule kijana aliyeniazima penseli ulimnunia wiki nzima, nikanyamaza. Sasa ole wako unifuate chuoni. Nikikuona tu mlangoni, mimi na wewe basi. Na hili jaketi lako la bendi ninalovaa nakurudishia."

"Nikufuate? Mimi?" Eliseo alicheka. Alicheka peke yake.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimkuta mama yake jikoni, amempa mgongo, anakaanga harakaharaka ili aondoke. Baba alikuwa mbali kwenye visima vya mafuta, na Mama alikuwa na zamu za asubuhi kwenye duka la kufulia nguo la shangazi.

"Mama, mtu mzima wa chuo anamlisha msichana wa watu kila siku. Anataka nini?"

Mwiko ulisimama kidogo kwenye kikaango.

"Labda kaona mtoto ana njaa."

"Mtu haamki alfajiri kumpikia mwenzake kwa wema tu, Mama!"

"Wengine huamka," Mama alisema, akachukua funguo. "Nachelewa mimi. Kula, uende shule."

Hakula, na shule hakwenda. Gari la Mama lilipopotea kwenye kona ya mashamba ya balungi, alibana pua, akapiga simu ofisi ya shule. Sauti ya mama yake aliiiga vizuri tangu mdogo, ilikuwa ndiyo sifa yake kwenye sherehe za ukoo.

"Mimi mama yake Eliseo Cavazos. Jino linamtesa mwanangu. Leo nampeleka mwenyewe kung'oa."

"Pole, mama," katibu alijibu. "Nakutumia ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu yako."

Moyo ulimruka, kisha ukatulia. Kazini Mama hushika pasi, hashiki simu.

Chuy alimwazima pikapu lake, akamwazima na kofia. "We si ndo hujui wivu?" alimuuliza.

"Naenda kuangalia mazingira ya chuo," Eliseo alisema.

Chuoni alijipenyeza darasani pamoja na kundi la mwisho, akajikunja safu ya nyuma. Kiyoyozi kilikuwa kikali kama friji ya bucha, na nusu ya watu walikuwa wamejifunika kofia za majaketi. Itzel alikuwa mbele kabisa. Kando yake, jaketi kubwa la chuo, kofia imeshushwa mpaka machoni, mabega mapana: Jirani.

Eliseo aliona kila kitu. Aliuona mkono wa Jirani ukitoa taco iliyofungwa kwenye karatasi ya alumini. Akamwona Itzel akiegemea lile bega kwa kicheko, kicheko ambacho yeye hakuwa amekisikia tangu muhula uanze. Kisha Jirani akamtengenezea Itzel kola ya shati, polepole, kama mtu aliyezoea. Eliseo aliuma ukosi wa shati lake mwenyewe ili asipige kelele.

Kwa kuwa darasa lilikuwa na watoto wa sekondari, profesa alilazimika kuita majina.

"Barrera!"

"Nipo."

"Cavazos!"

"Nipo!" alijibu Eliseo kwa mazoea ya miaka yote ya shule, kwa sauti ya mtu wa tarumbeta.

Watu wakatazamana, maana waliojibu walikuwa wawili. Itzel ndiye aliyegeuka kwanza. Alianza tu kulivua lile jaketi la bendi, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili.

Halafu Jirani naye akageuka taratibu, simu mkononi, akaivuta kofia nyuma.

"Eli," alisema mama yake, "si nimekupeleka kung'oa jino, wewe?"