Asumini ya Bi Mize

Siku hizi za ukame udongo wa mji unajua kuonja. Ukimwagia mti maji safi, mifereji ya mtaa mzima inajifunga yenyewe, watu wakakosa hata ya kunywa. Yanayoruhusiwa ni maji ya kunawa tu. Bi Mize, aliyetaka asumini za harusi ya mjukuu wake, akawa anaalika majirani kula kila siku, wakinawa kwenye mfereji wa uani, juu ya shina la mwasumini.

"Shoga, nimenawa mara tatu, pilau iko wapi?" jirani yake Saumu aliuliza.

"Nawa tena. Bibi harusi ataenda kichwa kitupu?"

Asumini ilipochanua, ule mfereji wa uani ukasema kwa upole, "Bi Mize, wageni wamenawa. Mbona jiko halijawashwa?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bi Mize naye akacheka, kisha akakumbuka umbea wote waliousema pale mferejini, akashusha sauti.