Jibu la Salamu

Katika bonde letu, maji hayahesabiwi kuwa machafu mpaka mwenye nyumba akubaliane na kipimo. Ndivyo ilivyoagiza sheria ya utafiti wa pamoja. Akikubali, kaya yake huletewa maji mengine. Akikana, neno lake halifutwi mpaka masika yajayo.

Asubuhi ile kipimo kilichofungwa kwenye bomba la Eufrasia kiliwasha taa nyekundu. Mwanawe, Gervasi, alikuwa akitapika tangu alfajiri.

"Maji haya yana sumu," kipimo kilisema kwa upole. "Mama mwenye nyumba, wasemaje?"

Kabla hajafumbua kinywa, mama mkwe wake, Bi Tekla, akabisha mlangoni.

"Hodi humu! Habari za hapa?"

"Safi, mama! Karibu," Eufrasia aliitikia kwa mazoea.

Taa ikageuka kijani. "Ahsante kwa ushahidi wako."

Eufrasia akakisihi kipimo, akakitukana, akakipiga kwa mwiko. Taa ikabaki kijani.

"Sisi tulifundishwa kujibu 'njema'," alisema Bi Tekla, akimpakata mjukuu wake. "Ninyi mkaliona neno la kizee."

Ng'ambo ya ua, jirani alimsalimu mwenzake kwa bashasha, naye akajibiwa. Kisha wakasikia kipimo cha huko kikishukuru.